Maji ya Kwanza Humwagwa

Nimeuza supu Kamakis miaka kumi na minne, kwa hivyo mtu asije kunifundisha habari ya supu. Nimechemsha vichwa vya mbuzi mpaka mifupa ikaachana yenyewe. Nimewapa walevi wa Jumamosi wakafufuka Jumapili. Nimewapa akina mama waliotoka kujifungua, nikawapa madereva, nikampa hata mchungaji mmoja aliyekuwa akimaliza vikombe viwili kabla ya kwenda kuhubiri juu ya kufunga. Kila kikombe nilikitoa na neno langu lile lile: "Kunywa, hii ni dawa." Watu wakanywa, wakatoka jasho puani, wakasema kweli, hii ni dawa.

Leo ukinipa kikombe hicho hicho umenipa sumu. Sisemi kwa mafumbo. Nasema sumu ya kuua mtu mzima na viatu vyake miguuni. Figo zangu zote mbili zimekataa kazi, na vitu ambavyo figo zako zinachuja wewe ukiwa umelala fofofo, mwangu vinabaki ndani vikingoja Jumanne au Ijumaa, siku ninazowekwa kwa mashine kule Thika nikaoshwa damu.

Ilianzia kwa presha. Niliambiwa nimeze tembe kila siku, nami nikawa nameza siku kichwa kikiuma. Hilo ni kosa langu, nimelibeba, na simwombi mtu anisaidie kulibeba. Lakini wale waliokuja nyumbani kwangu Gitothua, Ruiru, na nyuso za matanga, wakinishika mkono kama tayari niko kwa jeneza, niliwafukuza. Mmoja aliniambia nijitayarishe. Nikamwambia ajitayarishe yeye, mlango ni ule.

Kufa nilikuwa nimekataa, na sababu yangu ilikuwa na jina la cucu wake, yaani nyanya yake. Binti yangu, kitinda mimba, alikuwa amepata mtu. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wameshauliza njia ya kufika kwetu, na siku ya ruracio, siku ya kuletewa mahari, ilikuwa imepangwa iwe Agosti. Kwetu siku hiyo baba wa msichana hakai ukutani kwa picha. Anakaa kwa kiti, mbele, na kofia yake. Mimi nilitaka kiti. Sikutaka picha.

Hospitalini nilikabidhiwa kwa msichana mmoja wa mambo ya lishe, mdogo wa mwili, mwenye kalamu nyekundu. Aliniuliza tunakula nini nyumbani, nikamtajia kwa raha zote: githeri, mukimo, ndizi, nduma, viazi, parachichi, supu. Kila nikitaja alikuwa anaandika, na kila akiandika alikuwa anakata.

"Ngoja kwanza, dada," nikamwambia. "Hapo umekata nyumba yote ya mama yangu."

"Najua," akasema. "Hata yangu."

Akanieleza polepole. Kwa vyakula hivyo kuna kitu kinaitwa potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima ni kitu kizuri, misuli inakitaka, moyo unakitaka. Kwangu mimi kikiingia hakitoki. Kinapanda, kinapanda, na siku kimezidi moyo unasimama. "Hautauma," akasema. "Hautapiga kelele. Utasimama tu."

Nilimuuliza kama anataka nile mawe. Akacheka, ndipo nikampenda. Akanionyesha kwamba kuna njia. Mchele mweupe sawa. Kabeji sawa, mayai sawa, ugali wa unga uliochekechwa sawa. Hata nanasi kipande, na nilifurahi, kwa maana mtu wa Thika ukimnyima nanasi umemnyima uraia. Na kama roho inataka kiazi au maharagwe, basi kidogo, na kwa sheria: menya, kata vidogo vidogo, loweka, chemsha kwa maji mengi, halafu ile maji yote mwaga, weka mengine, chemsha tena. "Ile potasiamu inatoka kwa kiazi inaingia kwa maji," akasema. "Maji ya kwanza humwagwa. Ukisahau yote, usisahau hilo."

Halafu akaniuliza ninatumia chumvi gani. Kwa majivuno nikamwambia nimenunua ile ya wagonjwa, ile inayosifiwa kwamba haipandishi presha. Akaweka kalamu chini. Kumbe chumvi ile wanapunguza ya kawaida wakijaza potasiamu. Nilikuwa nimejinunulia kifo changu dukani, kwenye mkebe safi wenye picha ya moyo. Akaniambia pia kuna tunda la njano lenye kona tano, wanaliita tunda la nyota, watu wameanza kulipanda mabomani kama urembo. Hilo hata kipande nisiguse. Lina sumu yake nyingine inayokwenda kwa ubongo: kwikwi isiyokatika, mtu anachanganyikiwa, anaanguka kifafa.

Kama ningekuwa bado na kiburi, mwalimu alikitoa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Gatongora, jirani yangu wa kiti pale kwa mashine, mtu wa ubishi mtamu. Alipenda kusema amefundisha sayansi miaka thelathini na hakuna siku aliona parachichi limeua mtu. Alikuwa na mti wake mlangoni, ameupanda kwa mkono wake. Mwaka ule ukazaa kupita kiasi. Ijumaa moja nilifika nikapata kwa kiti chake kuna mama mgeni. Nikamuuliza sista, yule muuguzi wa mashine, mwalimu yuko wapi, sista akaanza kukunja shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Kutoka siku hiyo nilishika sheria kama askari. Na hapa ndipo mama yangu anaingia.

Maitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, anaishi ng'ambo ya Thika, upande wa mashariki, kwa shamba dogo la mahindi, maharagwe na ndizi. Amepita miaka themanini na bado analima. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu nilipewa jina la baba yake. Kwa hivyo ananiita "baba", na tangu nijue kuongea nimeitwa baba na mtu aliyenizaa. Nikitoka kwa mashine miguu inakuwa haina maana, na Ruiru inakuwa mbali, basi Jumanne na Ijumaa nilikuwa nalala kwake. Yeye ndiye alikuwa akinipikia.

Nilimkalisha chini nikamfundisha kama nilivyofundishwa. Nikamwambia viazi na maharagwe vina kitu ndani, kitu hicho kwa watu wote ni nguvu, lakini mimi siwezi kukitoa mwilini. Ukichemsha, chote kinatoka kinaingia kwa maji. Kwa hivyo maji ya kwanza yamwagwe.

"Yote?" akauliza.

"Yote, maitu."

Alinyamaza kidogo. "Nimesikia, baba."

Ningejua kusoma kimya kile ningeshtuka. Mtu asiyejua nyumba yetu hawezi kuelewa kile nilichomwomba. Nilipokuwa na miaka saba kulikuwa na njaa, njaa ya kweli, ile ya watu kuchimba mizizi. Maitu alikuwa akichemsha mkebe mmoja wa maharagwe kwa maji mengi, na yale maharagwe yakichemshwa mara ya pili na ya tatu siku zilizofuata. Sisi watoto tulikunywa yale maji. Asubuhi maji ya maharagwe, jioni maji ya maharagwe. Baadaye hata njaa ilipoisha, hakuna tone lililowahi kumwagwa kwa jiko la mama yangu. Maji ya viazi yalipika mboga, maji ya mboga yalisonga ugali. Ukimwaga ulipigwa na mwiko, na mimi nilipigwa.

Lakini alisema amesikia, na kwa macho yangu nilimwona akichuja viazi, akiosha, akiweka maji mapya. Alinipa viwili vitatu vidogo, vimepoa, havina ladha yoyote. Kando akanipikia mchele. Na huo mchele, jamani! Nimekula mchele wa kila aina, lakini ule wa maitu ulikuwa na utamu ambao sikuweza kuutaja. Ulishikana vizuri, ulikuwa mzito mdomoni, ulikuwa na kitu. Nilikuwa nalamba sahani. Nilimwambia, "Maitu, wewe ungekuja Kamakis ungenifungia biashara." Akacheka mpaka akajifuta machozi na kitambaa cha kichwa. Asubuhi alinipa kikombe kimoja cha uji, kimoja tu kwa sababu hata maji napimiwa, na uji nao ulikuwa mtamu ajabu.

Potasiamu kwa damu yangu ikaanza kupanda.

Mara ya kwanza sista alisema labda ni vipimo. Mara ya pili akanitazama kando. Mara ya tatu akasimama mbele yangu mikono kiunoni. "Baba, unatudanganya. Unakula nini?"

Nilikasirika mpaka mashine ikalia. Mimi, niliyepita mbele ya mutura ya moto, ile soseji yetu ya kuchoma, nikafumba macho! Mimi, niliyeacha kazi ya Kamakis kwa sababu ya harufu! Niliapa kwa jina la mama yangu kwamba sijagusa kitu. Sista akasema damu haidanganyi, na akaenda zake.

Basi nikatafuta mchawi, na kama kawaida ya mjinga, nilianza na aliye karibu. Nilirudi Gitothua nikapekua jikoni, nikafungua mikebe yote, nikanusa chumvi. Nikamuuliza mama watoto ni nini ananiwekea kwa chakula. Alikuwa anakuna karoti. Hakupandisha sauti.

"Nimekula kabeji yako isiyo na chumvi miezi mitano," akasema. "Mimi si mgonjwa. Nakula ili usile peke yako. Sema tena kwamba nakuua."

Sikusema tena. Lakini msamaha pia sikuomba, na hilo bado linaniwasha mpaka leo.

Wiki hiyo nilikwenda kwa maitu Ijumaa nikakaa mpaka Jumatatu, kwa sababu kulikuwa na mipango ya ruracio, ambayo ingefanyika kwake, kuona mahali pa kuweka hema, kufyeka nyasi. Siku tatu za mchele wake na uji wake. Jumatatu asubuhi niliamka midomo ikiwa na ganzi, kama nimepakwa pilipili ikapoa. Nikataka kusimama. Miguu ikakataa. Sikusikia maumivu, miguu ilikataa tu, na kifuani kulikuwa na kitu kinapiga, kinangoja, kinapiga, kinangoja tena. Nikakumbuka maneno ya yule msichana wa kalamu nyekundu: hautapiga kelele.

Maitu akaingia na kikombe cha uji. Akaniona, akapiga magoti kando ya kitanda, akanipeleka kikombe mdomoni. "Kunywa kidogo, baba, upate nguvu." Nilitikisa kichwa. Akanilazimisha. Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo watu wanasema, na wanasema vibaya. Nilikaza meno. Sikujua kwa nini, nilijua tu kwamba mdomo huu ni wangu.

Jirani mwenye pikapu ndiye alinifikisha Thika. Nakumbuka waya za kupima moyo, sindano mkononi, sista yule yule akikimbia, na mimi sijawahi kumwona akikimbia. Nakumbuka nikimwambia Mungu wazi wazi: Agosti. Baada ya Agosti tutaongea, lakini si kabla.

Nilipona. Daktari alipokuja alivuta stuli akaketi, na daktari akiketi ujue ni maneno mazito. "Wewe hukufa kwa bahati," akasema. "Kuna chakula kinakuua. Tafuta kinatoka wapi."

Ijumaa iliyofuata niliwekwa kwa mashine wa kwanza, nikamaliza mapema, na kabla ya saa saba mchana nilikuwa kwa maitu. Hakuwa ananitarajia mpaka jioni. Jiko lake liko nje, la mabati, na mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amenipa mgongo. Kwa moto kulikuwa na sufuria ya mchele, na yeye alikuwa ameinamisha mtungi mdogo wa njano, akimimina ndani maji. Yalikuwa meupe, mazito kidogo, kama maji yaliyooshewa unga. Chini, pembeni, kulikuwa na mtungi wa pili, na maji yake yalikuwa ya rangi ya maharagwe.

Nilisimama hapo nikielewa kila kitu kwa mara moja. Utamu wa mchele ulikuwa huo. Utamu wa uji ulikuwa huo.

"Maitu!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. "Maitu, unataka kuniua?"

Aligeuka na mtungi mkononi. Hakuonekana mtu aliyekamatwa. Alionekana mtu aliyeingiliwa kazini.

"Ni nini sasa?"

"Hiyo maji! Si nilikwambia umwage?"

"Na nimemwaga," akasema. "Kuna kiazi umekula hapa na maji yake? Hakuna. Ulisema viazi visikae na hiyo maji, nikatoa. Hukusema nisipikie mchele."

"Mfereji uko hapo, maitu! Hatua tatu!"

"Maji ya mfereji ni maji tu," akasema. "Haina kitu. Wewe mwenyewe uliniambia, ukakaa kwa hiyo kiti. Ulisema nguvu yote ya kiazi inatoka inaingia kwa maji. Sasa mtoto wangu amekonda hivi, nguvu iko kwa sufuria, nami niimwage kwa nyasi? Nitaimwaga aje?"

Nilimnyang'anya mtungi. Nilitoka nao nje nikaumwaga wote mbele yake, nikarudi nikachukua ule wa maharagwe nikaumwaga pia. Nilimwaga kwa hasira, nikitukana mitungi, nikitukana maharagwe. Udongo ukanywa. Nilipogeuka, mama yangu alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

"Hiyo maji nilikupa ukiwa na miaka saba," akasema polepole. "Hapo kwa jirani walizika wawili. Kule chini wakazika mmoja. Mimi sikuzika."

Nilikaa chini kwenye gogo la kupasulia kuni. Kikulacho ki nguoni mwako, huo msemo nimeusikia maisha yangu yote nikidhani unasema habari ya maadui. Nilikuwa na hasira na nilikuwa nampenda, vyote viwili kwa nguvu moja, na sikujua nianze na kipi. Nililia, mwanaume wa miaka hamsini na mitatu, kwenye uwanja wa mama yangu, saa saba mchana.

"Maitu, hiyo nguvu ndiyo sumu yangu," nikamwambia.

"Nguvu haiwezi kuwa sumu."

Hakuamini, na maneno yangu yalikuwa yameisha. Basi Jumanne nilimshika mkono nikaenda naye Thika. Aliketi kando ya kiti changu saa nne nzima, mkoba magotini, akitazama damu ya mtoto wake ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Mwishowe alimwita sista.

"Hii mashine inatoa nini kwa mtoto wangu?"

"Ile ya viazi, cucu," sista akasema. "Ile inaingia na chakula, figo ikashindwa. Tunaitoa tone kwa tone."

Maitu alipofika nyumbani alitoa ile mitungi miwili ya njano, akaiosha, akaianika juu ya ua, ikakaa hapo wiki nzima.

Hata hivyo mimi sikuwa tayari kumwachia mtu sufuria yangu tena. Nikachukua jiko. Kwetu mwanaume akionekana kwa jiko la mama yake, amekalia kile kiti kifupi, anakata kabeji, watu wanauliza kama amerogwa. Akina mama wa maombi walikuja siku ya Jumatano wakanipata nimefunga aproni yangu ya Kamakis, nyeusi, yenye madoa ya miaka kumi na minne. Wakashikana mabega kwa kicheko.

"Haiya! Ona mzee mzima amekalia kiti cha jikoni!"

"Kamakis nilipika mbele ya barabara nzima mkalamba vidole," nikawaambia. "Hakuna aliyeniuliza kama mimi ni mwanaume. Ingieni mle kabeji ama mpite." Wakaingia wakala. Walikuwa wamebeba mkungu wa ndizi mbivu na parachichi nane za kumpa mgonjwa nguvu. Nikawashukuru, nikawarudishia zote. Mmoja alinuna. Na anune.

Maitu alikaa mlangoni akinitazama nikipika kwa jiko lake, miezi yote hiyo. Nilijua inamuuma. Mimi pia iliniuma. Lakini damu yangu ilishuka, na ikakaa chini, na sista akaacha kuweka mikono kiunoni.

Agosti ikafika, na mimi nikafika nayo.

Nilikaa kwa kiti, mbele, na kofia yangu. Hema lilijaa. Binti yangu alikuwa amekaa na wenzake kwa nyumba ya cucu wake, na kila mara pazia lilikuwa linasogea nikaona jicho. Baba wa msichana hawezi kwenda jikoni siku hiyo, na jiko lilikuwa limejaa wanawake wa koo mbili, sufuria ishirini, mikono isiyohesabika. Kwa hivyo nilikuwa nimejipanga. Kwa mfuko wa koti nilikuwa na mayai mawili ya kuchemsha, nimeyafunga kwa kitambaa. Nitakula hayo, nikasema, na kitu kingine chochote hakipiti hapa.

Mbuzi waliiva. Desturi ni kwamba wazee wa kiume ndio wanaanza na supu ya kichwa, kabla ya mtu mwingine kugusa kitu. Msemaji wa upande wa kijana akainuka, mzee mkubwa wa tumbo na kicheko, akachukua kikombe cha kwanza kwa mikono miwili, akanijia. Alipofika karibu akasimama akanikazia macho.

"Wewe si ndiye wa supu ya Kamakis?" akapaza sauti. "Nyinyi! Huyu mzee amenipa supu miaka! Leo ni zamu yangu." Akanisogezea kikombe. "Kunywa, hii ni dawa."

Watu wakapiga makofi. Mvuke ulinipiga usoni. Nilijua kila kitu kilichokuwa ndani, mifupa, ubongo, mizizi, viazi vilivyosagika kuifanya nzito. Nilijua pia ni nini sijanywa kwa miezi mingi, na sitaficha, mate yalinijaa mdomoni.

"Asante, mkwe," nikasema. "Lakini mimi sinywi. Figo zangu haziwezi."

"Onja tu. Ya kulowesha midomo."

"Hata ya kulowesha midomo."

Kicheko kikapungua. Mzee bado alikuwa amenyoosha mikono, na kikombe kilikuwa kati yetu. "Supu ya wakwe haikataliwi," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Tukinywa ndio tumekuwa watu wamoja. Ama mnatukataa?"

Niliona pazia likifunguka, binti yangu amesimama wazi mlangoni, mkono mdomoni. Nilijua tone moja haliniui. Nilijua pia baada ya tone inakuja nusu, na baada ya nusu, mbona usimalize. Nilifungua mdomo niseme hapana mara ya tatu, na kama ndoa itavunjika ivunjike nikiwa hai.

Ndipo nikasikia fimbo ya maitu. Alikuwa ameacha wanawake wenzake, anakuja katikati ya wazee, polepole, akipita mbele za watu bila kuomba njia. Alimfikia mkwe, akaweka fimbo kwapani, akachukua kikombe kutoka mikononi mwake. Aligeuka kwangu nacho. Nilikaza meno kama ile asubuhi ya uji.

Maitu akakipeleka mdomoni kwake mwenyewe.

Mwanamke hanywi kikombe cha wazee. Hakuna mtu hapo aliyewahi kuona. Alikinywa chote, na moto wake, na mizizi yake, bila kupumua, koo lake jembamba likipanda na kushuka, mpaka akakiinamisha kikombe tukaona chini hakuna kitu. Akamrudishia mkwe. Akajipangusa mdomo na kitambaa cha kichwa.

"Haijamwagika hata tone," akasema. "Nyumba hii imekunywa. Hakuna mtu amekataa mtu."

Yule mzee alimtazama, akatazama kikombe, halafu akaangua kicheko mpaka tumbo likatikisika, na hema lote likacheka naye. Pazia likafungwa.

Maitu hakucheka. Aligeukia upande wa jiko akawaita wanawake.

"Leteni chakula cha mtoto wangu. Hiyo sufuria ndogo, yenye kifuniko cha bluu. Msiguse ingine." Halafu akanitazama mimi. "Nimepika mimi, baba," akasema. "Na maji ya mfereji."

Nilikula ule mchele wote. Haukuwa na utamu wowote. Mayai yalibaki mfukoni.